Baba Mkwe Upande wa Pili wa Rafu

Miaka mingi nimefundisha watu kutumia maktaba, na mimi mwenyewe sijawahi kutulia ndani yake. Nikikaa kidogo, goti linaanza kucheza. Nainuka, napita kati ya rafu, nagusa migongo ya vitabu, narudi kitini, nainuka tena. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza walidhani nawachunga wasiibe. Hawakujua kwamba kila nikifika mwisho wa rafu nachungulia upande wa pili kuona kama kuna mtu.

Tabia hiyo niliipata Kisii, likizo moja ya Agosti mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kebirigo, mama wa watoto wadogo, na moyoni nilikuwa na kiu moja tu: kwenda chuo kikuu. Sekondari sikuimaliza kama wengine. Nilisoma kwa posta, mtoto mgongoni na sufuria ya uji motoni. Chuo kikuu kilikuwa na mtihani wa watu wa namna yangu, watu wazima waliochelewa, ila hukuruhusiwa kuufanya mpaka uhudhurie mafunzo ya maktaba, na mkufunzi wa mafunzo hayo aandike kwamba unafaa. Bila neno lake, mlango umefungwa, rudi ukachume chai.

Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali pale Nyamira. Ndiye aliyenipigia taipu maombi yangu. Nakumbuka alivyokuwa akigonga vitufe huku akicheka peke yake, na nilipomuuliza anacheka nini, akasema mashine inamtekenya. Mimi nikaamini. Mapenzi hupofusha, na uharaka wangu ulinipofusha zaidi.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa chuo kimoja mjini Kisii. Lori lilileta masanduku ya vitabu kutoka Nairobi, rafu za mbao zilizoungwa papo hapo, na kabati la droo ndogondogo zilizojaa kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake humo, ukitaka kitabu unaanzia kwenye kadi. Mkufunzi alikuwa Mzungu, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mwanamume, na sote tulimwita Madam. Kiswahili alikuwa amejifunzia Unguja, na kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Sisi kwetu nyumbani ni Ekegusii, Kiswahili tulikivaa tukienda mjini.

Siku ya kwanza nilikaa mbele kabisa, kalamu mkononi, nikiwa nimeoga na kujipaka mafuta hadi kwenye viwiko. Mlango ukafunguka nyuma yangu. Nilikisikia kikohozi kabla sijageuka, na kikohozi kile nilikijua. Kilikuwa cha baba mkwe wangu.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule nyingine, mzee wa kanisa, mtu aliyevaa tai hata akienda kufunga ng'ombe. Yeye pia alikuwa amepeleka maombi ya kwenda chuo kikuu. Yeye pia hakumwambia mtu isipokuwa mwanawe, mwenye taipu. Kwa hiyo mume wangu alikuwa ametupigia maombi sote wawili kwenye mashine ile ile, akanyamaza, akakaa kusubiri Mungu aamue. Nilitamani kumtia mume wangu kwenye droo moja ya kadi na kuifunga.

Msomaji asiye wa kwetu pengine atauliza: sasa kuna ubaya gani, mtu na mkwewe kusoma pamoja? Kwetu Gusii kuna heshima inayoitwa chinsoni. Baba hapiti mlango wa nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, hakai naye bega kwa bega, na mambo ya ndoa hayatajwi mmoja akiwa mbele ya mwenziwe. Kukaa kanisa moja hakuna neno, mradi kuna watu katikati. Kusemezana hakukukatazwa kabisa, lakini baba mkwe wangu alikuwa mkali kuliko sheria yenyewe. Wazee wengine wakiwa na neno na mke wa mwana walimtuma mtoto. Yeye alimtumia mbwa. Akitaka uji nami nipo pale pale uani, alikuwa akisema, "Mbwa, sijui kama leo kwenye boma hili kuna uji." Nami namjibu mbwa, "Upo, unapoa." Mbwa anapiga mkia, mambo yanakwisha.

Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima na yetu chini, na katikati kulikuwa na njia nyembamba iliyokatiza chai. Tukikutana njiani, mimi ndiye niliyetoka. Nilikuwa naingia katikati ya michai na kusimama humo, macho chini, mpaka apite. Asubuhi umande ulikuwa mwingi. Kuna siku nyingi nilifika darasani kwangu na sketi iliyolowa hadi mapajani, nikafundisha hesabu nikitetemeka.

Basi siku zile za kwanza Kisii nilikaa mbele naye akakaa nyuma kabisa. Asubuhi yeye alipanda basi la kwanza, mimi la pili, na jioni hivyo hivyo. Hatukutazamana. Nilisikiliza mambo ya kadi na namba za vitabu huku kikohozi kile kikinichoma mgongoni, na wino wangu ulikuwa ukidondoka ovyo kwenye karatasi.

Madam alikuwa mwalimu mzuri. Lazima niseme hivyo, maana nitamsema pia. Alituambia kuwa chuo kikuu tutakutana na watu wa kila kabila na kila nchi, na maktaba ndiyo mahali pa kwanza ambapo mtu hukutana na mwenziwe kabla hawajasalimiana. "Mtu anayeamini kila kitabu atamtukana jirani yake," alisema. "Na anayemwamini jirani peke yake atabaki na alichoambiwa jikoni." Aliandika ubaoni maswali mawili. Kitabu kinasema nini? Mwenyewe anasema nini? Alitaka tuyabebe maswali hayo maisha yetu yote, nami nimeyabeba.

Lakini naye alikuwa na ya kujifunza. Jumamosi ya kwanza alifungua ukumbi asubuhi na mapema, akabaki yeye na Wakatoliki wachache. Sisi Wasabato tulikuwa kanisani tunaimba. Jumatatu alituuliza, kwa huruma ya kweli, kama kuna ugonjwa uliozuka.

Siku hiyo hiyo ndipo alipotugawa wawili wawili. Alisema kabla hatujaenda kusoma habari za watu wengine, kila mtu aonje kwanza kuandikwa. Wawili wa kabila moja watafute kwenye kadi kitabu kilichoandika habari za kwao, wasome kurasa atakazowapa, wajadiliane, na mwisho wa juma wasimame mbele ya wote waseme wapi kitabu kimepata na wapi kimekosa. Asiyesimama, hataandikiwa kuwa anafaa.

Akaanza kusoma majina. Alipofika kwangu alitabasamu. Alikuwa ameona kwamba jina langu la mwisho na la yule mzee wa nyuma ni moja, akaona ametufanyia hisani. "Ninyi ni jamaa," alisema. "Itakuwa rahisi kwenu." Akatupa meza moja na kitabu kimoja. Kurasa alizotupa zilikuwa za ndoa na wakwe.

Walimu wenzangu wa Kigusii, karibu wote pale, waligeuka kutazama dirisha. Hakuna aliyefungua kinywa, kwa sababu kumweleza Madam jambo lile mbele ya mzee kungekuwa ndiko kulivunja. Mzee aliinuka akatokea mlango wa nyuma. Mimi nikatokea wa mbele.

Madam akadhani tumegombana. Mungu amrehemu, alikuwa na moyo wa kupatanisha. Alitufuata mmoja mmoja, akaturudisha hadi katikati ya ukumbi, akachukua mkono wangu wa kulia akaunyosha kuelekea kwa baba mkwe wangu.

"Peaneni mikono," alisema. "Maktaba ni mahali pa amani."

Niliuvuta mkono wangu kwa nguvu mpaka Madam akapepesuka. Uso uliniwaka. Mzee alikuwa ameweka mikono yake nyuma, ameikaza, kidevu kikitetemeka kidogo. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo, na sikutaka kumwona hivyo. Nilikimbilia barazani.

Aliyetuokoa alikuwa mwalimu mmoja Mjaluo kutoka upande wa ziwa, mtu wa mizaha, aliyekuwa amenunua andazi kubwa kuliko kikombe chake. Alimfuata Madam kule nje kwenye chai, nami nilikuwa nimesimama hapo karibu nikitafuna ukingo wa leso.

"Madam, wacha nikwambie kitu," alisema. "Mimi kwetu siwezi kula meza moja na mama mkwe. Nikimwona sokoni naingia duka lolote. Siku moja niliingia ya nguo, nikatoka na kofia ya mwanamke, juu ya kujificha tu. Sasa wewe umechukua huyu mama na baba ya bwana yake, ukawapatia kitabu moja."

Madam alikuwa mwekundu kutoka shingoni kwenda juu. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Angekwambia nani? Na mzee alikuwa amesimama hapo?"

Madam alinitazama. Alitaka kuniomba radhi, niliona, lakini na mimi sikuwa na subira ya kupokea radhi. Akasema kesho asubuhi atavunja jozi zile na kuzipanga upya. Nilijua maana yake. Kila mtu alikwisha anza kazi, kurasa zimegawanywa, na kutuhamisha sisi ilikuwa kutangaza kwa wote sababu ya kuhamishwa. Jambo la chinsoni likishatangazwa, mwenye kubeba aibu ni mwanamke.

Nilipofika nyumbani jioni ile, habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Sijui nani alizileta. Kisii na Kebirigo ni mbali kwa miguu lakini ni karibu sana kwa midomo. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa jikoni kwangu, anachambua mboga za saga ambazo sikumwomba anichambulie.

"Mwanangu," alisema bila kuinua macho, "wewe bado una miaka. Mzee ana huu mmoja."

"Mama, na mwakani wakisema wanataka wengine?"

"Mwakani utazaa."

Aliendelea kuchambua majani, lile jema huku, bovu kule. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akinipenda kwa njia yake, na kwa njia hiyo hiyo alikuwa akinifungia mlango. Nilichukua ndoo nikaenda mtoni ingawa maji yalikuwepo. Nikarudi, nikafagia uwanja uliokwisha fagiwa. Nikakata majani ya ng'ombe, nikajikata kidole. Mume wangu alirudi kutoka Nyamira akanikuta nimeshika shoka, napasua kuni ambazo zilikuwa zimepasuliwa tayari.

"Mama watoto," alisema akiwa amesimama mbali na shoka, "fahali wawili hawakai zizi moja."

"Mimi ni fahali?"

"Ni methali tu."

"Methali yako kaipige taipu," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyetuingiza zizini, ukafunga lango, ukaenda zako kazini."

Alicheka, halafu akaona sicheki. Akaniambia kwa upole kwamba ningoje tu mwaka mmoja, mzee apite kwanza, kisha atanisaidia. Nilimpenda mume wangu, lakini pale nilimchukia kwa muda wa kupasua kigogo kizima. Nilikuwa na hasira naye, na mama yake, na Madam na viatu vyake, na zaidi na mzee aliyekuwa amekaa kule juu uani kwake, anamkuna mbwa wake shingoni kama vile dunia haijapinduka. Nilimwona kutoka kwangu. Hakutazama chini hata mara moja.

Asubuhi nilipanda basi la pili nikiwa nimeshapanga maneno. Nitamwambia Madam sitoki na sihami. Kama kuna mtu wa kutoka, atoke yeye aliyetuoza meza moja. Niliyarudia maneno hayo njia nzima, na nilipofika mlangoni yote yalinitoka.

Rafu ndefu kuliko zote ilikuwa imehamishwa. Ilikuwa imewekwa katikati ya meza yetu na meza nyingine ndogo iliyoletwa kutoka ofisini. Meza moja huku, moja kule, vitabu katikati kuanzia sakafuni mpaka juu ya kichwa. Upande wa pili nilisikia kikohozi. Walimu wengine walikuwa wameinamia kazi zao kwa bidii ya ajabu, na yule Mjaluo alikuwa akijifuta jasho na vumbi, maana ndiye aliyemsaidia mzee kuisukuma.

Nilikaa upande wangu. Kitabu chetu kilikuwa kimewekwa katika nafasi wazi ya rafu, usawa wa kifua, mahali ambapo mkono wa upande wowote unaweza kukifikia. Halafu mzee akazungumza, kwa Kiingereza chake cha ualimu mkuu, kila neno limepigwa pasi.

"Kitabu," alisema, "unasema katika ukurasa huu kwamba baba na mke wa mwanawe huchukiana na kuogopana, ndiyo maana huepukana. Sijui aliyeko upande ule anaonaje."

Nilikaribia kucheka na nilikaribia kulia. Nilikichukua kitabu, nikausoma ukurasa, nikakirudisha mahali pake.

"Kitabu," nikasema, "ngoja kwanza nikusome vizuri."

Madam aliingia na karatasi yake ya jozi mpya. Alisimama, akatutazama, mmoja huku na mmoja kule, kila mtu anazungumza na rafu. Aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni, akaenda kwa wengine kwa kunyata.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi juma lile. Alikuwa akiuliza kitabu, nami nakijibu kitabu. Wakati mwingine alibisha, nami nilibisha. Kwa miaka yote niliyokaa bomani kwake tulikuwa hatujawahi kubadilishana maneno mengi kiasi kile, na mengi aliyosema yalikuwa ya mtu aliyesoma sana peke yake bila wa kumwambia. Kupitia ule mwanya niliona mikono yake tu. Niliona pia kwamba alikishika kitabu mbali na uso, akakisogeza mbali zaidi, akakitega kwenye mwanga wa dirisha. Sikulitilia maanani. Nilikuwa nahangaikia siku ya kusimama.

Ijumaa ikafika. Jozi zilisimama moja moja. Zamu yetu ilipofika, hakuna aliyeondoa rafu. Mzee alisimama upande wake, mimi wangu, na wasikilizaji wakakaa mwishoni ambako walituona sote wawili.

Alianza yeye. "Kitabu, umekosea," alisema. "Mtu unayemchukia, unapita mlangoni kwake bila kujali. Ni yule unayemheshimu ndiye unayezunguka boma lake kwa mbali. Aliyekuandika aliona watu wanaepukana, akadhani ni uadui. Hakuuliza."

Walimu waliitikia kwa vichwa. Wengine walipiga meza. Yalikuwa maneno mazuri, na ningeweza kusema "nakubali" nikakaa chini. Kila mtu alinitazamia hivyo, hata Madam. Goti langu lilikuwa likicheza nyuma ya rafu. Nilifikiria mtihani, na nilijua kusema sana kunaweza kunikosesha kila kitu, nyumbani na huko Nairobi. Lakini mimi nikiwashwa na neno siwezi kulimeza.

"Kitabu," nikasema, "hukukosea kote."

Nikasikia viti vikilia.

"Anayepishwa njiani hupita na heshima yake. Huyo akisema ni heshima, anasema kweli. Lakini anayepisha huingia kwenye michai. Husimama humo na umande, nguo zinalowa, na moyoni anaogopa. Chuki haipo. Woga upo. Mwenye njia leo amejisemea. Aliyesimama kwenye michai hukumuuliza."

Nilikaa. Hakuna aliyepiga meza. Wanawake wawili watatu waliokuwemo walitazama mapaja yao. Upande wa pili hata kikohozi hakikutoka. Madam alikwenda ubaoni polepole, na chini ya maswali yake mawili akaandika la tatu: Nani hajaulizwa?

Aliandika kwamba sote wawili tunafaa.

Siku zilizofuata nyumbani zilikuwa ndefu. Mzee hakumtuma mbwa kwangu hata kwa uji. Alikuwa akipita njia ya mbali, ile ya kuzungukia migombani, hata nisipate nafasi ya kumpisha. Mama mkwe hakuja tena kuchambua mboga. Nilisoma kwa ajili ya mtihani kwa kutembea, kitabu mkononi, nazunguka nyumba, watoto wananifuata nyuma wakidhani ni mchezo. Kila aya niliyoisoma ilivamiwa na swali lile lile: nimemvua mzee nguo mbele ya watu? Na kila nilipojiuliza, sauti nyingine ndani yangu ilijibu kwa ukali kwamba nilisema kweli, na kwamba hata sasa sketi haijakauka.

Mtihani ulifanyika katika ukumbi ule ule. Rafu na vitabu vilikuwa vimerudi Nairobi, yamebaki madawati tu. Kila dawati lilikuwa na jina. La kwake lilikuwa nyuma ya langu. Nilingoja kikohozi. Karatasi ziligawanywa, kengele ikalia, sikukisikia. Niligeuka, ingawa ilikatazwa kugeuka. Dawati lilikuwa tupu.

Nilifanya mtihani ule kalamu ikitoboa karatasi. Nilikuwa na hasira. Nilitaka kumshinda, au anishinde, lakini awepo. Kunipisha namna ile, bila neno, ningeishi nako vipi? Barazani nilisikia mtu akisema, bila kushusha sauti, kwamba mke wa mwana amemkimbiza mzee. Mume wangu nilimbana ukutani aniambie kwa nini baba yake hakuja, akaapa kwa jina la Mungu kwamba hajui, na safari hii nadhani alisema kweli.

Nilifaulu. Nilikwenda Nairobi na sanduku la bati, nikamwachia mama mkwe watoto. Aliwapokea. Hakuniambia neno la kheri, lakini alinifungia ndizi mbivu na maziwa lala ya njiani.

Maktaba ya chuo kikuu ilikuwa kubwa kuliko kanisa lolote nililowahi kuingia. Siku niliyoingia, kabla ya kutafuta kitabu cha somo langu, nilikwenda kwenye droo za kadi nikatafuta kile chetu. Kilikuwepo. Nilikisoma nikiwa nimesimama, ukurasa ule ule, maneno yale yale. Wanafunzi kutoka kila pembe walikuwa wakipita nyuma yangu, na mmoja wao siku moja angekitoa pale, akasoma kwamba mimi na baba mkwe wangu tunachukiana, akaamini. Nilitafuta mtu wa kumwambia. Mkutubi aliyekuwa zamu alinisikiliza kwa adabu, kisha akanionyesha kibao kinachosema tunyamaze.

Nilirudi nyumbani Desemba, mvua za mwisho zikiwa bado zinanyesha. Nilishuka Kebirigo na kupanda kilima na sanduku kichwani, safari hii limejaa vitabu. Njia ilipoingia kwenye chai nikamwona. Alikuwa ameweka kiti chake njiani, katikati kabisa, amekaa na mbwa miguuni. Hakuna mtu anayekaa njiani. Alikuwa ananingoja, au alikuwa amenizibia njia, sikujua. Nilisimama mbali naye. Niliangalia michai, imejaa maji. Nilianza kugeuka niingie.

"Mbwa," alisema, "muulize aliyetoka Nairobi kama kile kitabu huko nako kipo."

Sanduku lilikuwa zito na shingo ilikuwa inauma. "Kipo," nikamwambia mbwa.

"Na bado kinasema tunachukiana?"

"Bado kinasema."

Alimkuna mbwa nyuma ya masikio. Alikuwa amezeeka kwa muda mfupi ule, na macho yake, nilipoyatazama kwa wizi, yalikuwa na ukungu, yakinitafuta kidogo pembeni ya pale nilipokuwa nimesimama.

"Mbwa, bwana wako haoni tena herufi ndogo," alisema. "Angekwenda huko kufanya nini? Aliyeuona hata umande ndiye aliyepaswa kwenda. Mwambie arudi huko akawasomeshe."

Nilitaka kusema mengi. Yote yalikuwa ya kumwambia mtu uso kwa uso, na hakuna hata moja ambalo lingepita kwa mbwa. "Mbwa," nikasema, "nimesikia."

Basi akainuka. Akaokota kiti chake kwa mkono mmoja, mwingine akipapasa mbele yake, akatoka njiani na tai yake na viatu vyake vilivyong'arishwa, akaingia katikati ya michai, akasimama humo na maji yakimtiririkia kwenye suruali, macho chini, mpaka nilipopita na sanduku langu.